Msituandikie Samaki Kama Dawa

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilifanya kazi ya kujitolea ya kuhamasisha afya hapa Mantapala. Nilipewa fulana, daftari, na bango moja la plastiki. Kwenye bango ilichorwa sahani kubwa: kipande cha samaki, parachichi lililokatwa katikati, chungwa, mboga za majani, yai, konzi ya karanga. Juu ya sahani kulikuwa na maneno kwamba chakula bora ni tiba ya sonona. Nililibeba bango hilo bloku kwa bloku, nikalitundika kwenye mti, nikayasoma maneno yake kwa sauti kama mchungaji. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba mmoja wa wale ninaowalaumu hapa ni mimi mwenyewe.

(Hilo neno sonona nalo tulilikuta kwenye bango. Kwetu tunasema mtu ana mawazo, au moyo wake umechoka, na kila mtu anaelewa.)

Katika bloku yetu kuna mama mmoja, mtu wa upande wa Pweto. Mume wake alibaki kule mwaka 2017, na mnajua kubaki maana yake nini. Mama huyo alikuwa halali usiku. Alikuwa hawashi moto mpaka watoto walie. Alihudhuria somo langu mara mbili, akakaa nyuma, hakuuliza kitu. Mwezi uliofuata, siku chache baada ya mgao, alichukua sehemu ya unga wake akauza. Kwa hela ile alinunua samaki, machungwa na maparachichi mawili. Akala peke yake, kwa kujificha, kwa sababu alikuwa ameambiwa hiyo ni dawa, na dawa ya mtu mmoja haigawanywi. Unga wa watoto uliisha mapema sana kuliko kawaida yake, akaenda kukopa beseni kwa jirani. Ndipo akaja kwangu.

"Papa," alisema, "mi nilifanya vile mulituambia. Nilikula ile machungwa, nilikula na samaki. Mawazo iko tu pale pale. Sasa bunga ya batoto imeisha. Ni miye njo mubaya?"

Sikuwa na jibu. Somo langu halikuwa na ukurasa wa swali hilo.

Nilikwenda kumuuliza mfanyakazi mmoja wa shirika, kijana mzuri tu, maneno ya bango yametoka wapi. Akaniambia yametoka kwenye utafiti. Nikamwomba huo utafiti. Alishangaa kidogo, nadhani hakuwahi kuombwa, lakini alinitumia karatasi kadhaa kwenye simu. Nimezisoma polepole, kwa kamusi, na kwa bando nililolinunua kwa kwacha zangu. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Jaribio linalotajwa kuliko yote lilifanyika Australia na likachapishwa mwaka 2017. Linaitwa SMILES, na aliyeliongoza ni Profesa Felice Jacka. Walichukua watu wazima 67 wenye sonona iliyopimwa. Watu 33 walikutana na mtaalamu wa lishe mara saba ndani ya wiki 12, wakafundishwa kula kama watu wa pwani ya Mediterania: mboga, matunda, maharagwe, samaki, njugu, mafuta ya zeituni. Wale 34 waliobaki walipewa mtu wa kukaa naye na kuzungumza, habari za michezo na muziki, au kucheza karata. Mwishoni, katika kundi la chakula asilimia 32 walikuwa wametoka kwenye sonona. Katika kundi la mazungumzo asilimia 8. Si matokeo ya kudharau, na mimi siyadharau.

Lakini soma mbele. Watafiti walitaka watu 176, wakapata 67. Kila mgonjwa alijua yuko kundi gani, maana huwezi kumlisha mtu samaki bila yeye kujua, na mtu akishaambiwa hiki kitakuponya, nusu ya kupona imeshaanza kichwani. Watu 9 wa kundi la karata waliacha kabla ya mwisho, na katika kundi la chakula waliacha 2 tu. Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna walivyochaguliwa. Ili uingie katika jaribio lile ilibidi uwe unakula vibaya: matunda na mboga kidogo, vitu vitamu na nyama za viwandani kwa wingi. Baadaye watafiti walipiga hesabu ya bei. Chakula kile kipya kiligharimu dola 112 za Australia kwa wiki, wakati wagonjwa walikuwa wanatumia dola 138 kwa walichozoea. Maana yake wale walikuwa na hela ya kula vizuri na walikuwa wanakula vibaya. Mtaalamu wa lishe alibadilisha uamuzi wao.

Sasa niambieni, mama yule wa Pweto ana uamuzi gani wa kubadilisha? Chakula chake kinaamuliwa ofisini, kinafika kwa lori, kinapimwa kwa mizani mbele ya foleni, na mwezi ambao fedha ya wafadhili imepungua kinapungua. Kumpa mtu huyo somo la kuchagua ni sawa na kumfundisha kuogelea mtu aliyefungwa mikono.

Na msinijibu kwamba ziwa liko karibu. Nalijua ziwa. Nenda Kashikishi alfajiri uone samaki wa Mweru wanavyopakiwa: chisense waliokaukia mchangani wanaingizwa kwenye magunia, samaki wakubwa wanaingia kwenye barafu, malori yanashika barabara ya kwenda miji ya migodi. Samaki anakwenda kwa mwenye hela. Mkimbizi, ili afike tu hapo pwani, anahitaji kibali cha kutoka kambini na nauli. Tena kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali ya Zambia inafunga uvuvi ili samaki wazaane, sheria nzuri kabisa, na ni miezi hiyohiyo ya mvua ambapo ghala la mkulima liko tupu na mawazo yako mengi. Bango langu halikuwa na Desemba.

Nirudi kwenye utafiti, maana kuna wanaosema: basi, kama chakula chenyewe ni shida, tuwape vidonge vya vitamini na mafuta ya samaki. Hilo nalo limepimwa, na limepimwa vizuri kuliko lile la kwanza, kwa sababu kidonge kinaweza kulinganishwa na kidonge bandia na mgonjwa asijue amepewa kipi. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la MooDFOOD, watu 1,025 wa Ujerumani, Uholanzi, Hispania na Uingereza, wote wenye uzito mkubwa na dalili za huzuni. Walikunywa vidonge mwaka mzima, wengine vyenye mafuta ya samaki, vitamini D, asidi ya foliki na seleniamu, wengine vitupu. Vidonge havikuzuia sonona. Mwaka 2020 Wamarekani nao wakatoa jaribio la vitamini D la watu zaidi ya 18,000 waliofuatwa kwa miaka mitano. Tofauti haikuonekana. Na mwaka 2019 hiyohiyo watafiti waliokusanya majaribio 16 ya chakula, jumla watu 45,826, waliona faida, lakini ndogo, na karibu watu wote hao hawakuwa wagonjwa waliopimwa sonona. Walikuwa watu wa kawaida ambao furaha yao ilipanda kidogo.

Kutoka hapo mpaka kwenye "chakula bora ni tiba ya sonona" ni safari ndefu, na bango liliruka.

Hapa ndipo baadhi ya wenzangu wa bloku watapiga makofi, na hapa ndipo nataka kuwaudhi na wao. Maana kuna msemo mwingine unaozunguka kambini: hakuna ugonjwa wa mawazo, kuna njaa tu, leteni unga mtaona kila mtu anacheka. Nimeusikia hata kwa viongozi wetu kwenye vikao. Una ukweli ndani yake, na ukweli huo nitautetea kwa nguvu. Lakini mama yule alikuwa na mawazo hata katika ile wiki ya kwanza ya mwezi ambapo sufuria imejaa. Njaa na huzuni ni jirani wanaokopeshana, lakini kila mmoja ana nyumba yake.

Nianze na njaa. Kuna jaribio la zamani ambalo halikuwemo katika karatasi za yule kijana, na mimi ningependa lichapwe kwenye bango badala ya sahani. Mwaka 1944, vita ya pili ikiwa bado inaendelea, Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichukua vijana 36 waliokataa jeshi kwa sababu ya dhamiri, wazima wa mwili na akili. Kwa wiki 24 za mwaka 1945 aliwalisha nusu njaa, kama kalori 1,570 kwa siku, huku wakitembea kila wiki kama walivyozoea. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Na akili nayo ilipungua. Vijana waliokuwa wachangamfu wakaanza kujitenga, wakawa wakali, wakaota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama wengine wanavyosoma Biblia. Mmoja alijikata vidole kwa shoka. Hakuna aliyewapiga risasi wale, hakuna aliyewachomea nyumba, hawakumzika mtoto njiani. Ilitosha kupunguza chakula.

Sasa chukueni kalamu. Kipimo ambacho mashirika yenyewe yanatumia kupanga mgao kamili ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kata robo. Inabaki 1,575. Najua mtaalamu atasema 2,100 ni wastani wa familia nzima pamoja na watoto, na kwamba wale vijana wa Minnesota walikuwa watu wakubwa wenye kuhitaji zaidi. Sawa. Nami namwambia kwamba mwanamume wa hapa anayelima na mama anayenyonyesha nao hawaishi kwa wastani. Mgao ukikatwa robo mahali popote, iwe hapa, iwe kambi za Kenya au Uganda, tunakaribia hesabu ambayo profesa mmoja aliitumia kwa makusudi ili aone mtu anavunjikaje. Halafu miezi mitatu baadaye anakuja mtu na karatasi ya maswali kupima mawazo yetu.

Kisa cha pili kinanigusa zaidi, maana ni cha wakimbizi, na ni cha nchi inayopakana na hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Malawi ilikuwa imewapokea Wamsumbiji wengi mno waliokimbia vita. Chakula chao cha mgao kilikuwa mahindi, na pamoja na mahindi walipewa karanga. Karanga zile zilikuwa zinaleta niasini, vitamini ambayo mahindi yanayo kwa namna ambayo mwili hauifaidi. Upatikanaji wa karanga ukavurugika. Mwaka 1990, ndani ya miezi michache, wagonjwa zaidi ya 18,000 wa pelagra waliandikwa kambini. Pelagra huanza kwenye ngozi, shingoni na mikononi panapochomwa na jua, inashuka tumboni kwa kuhara, na inapanda kichwani. Mtu anakosa usingizi, anakuwa na huzuni, anachanganyikiwa, na asipotibiwa anakufa. Zamani kusini mwa Marekani hospitali za vichaa zililaza watu wengi ambao ugonjwa wao ulikuwa huu. Daktari Joseph Goldberger alianza mwaka 1914 kuonyesha kwamba si maambukizi, ni chakula cha maskini, na mwaka 1937 niasini ikatambuliwa kuwa dawa yake.

Hapo ndipo chakula ni tiba kweli. Lakini angalieni nani aliyeandikiwa dawa. Wale Wamsumbiji hawakuhitaji somo la kula karanga. Walikuwa wanazipenda karanga kabla ya mtaalamu yeyote kuzaliwa. Aliyehitaji kubadilika ni aliyepanga shehena.

Kwa hiyo utafiti huu wa lishe na akili, ukisomwa kwa uaminifu, unazungumza na ghala kuliko unavyozungumza na sufuria ya mama. Waliotengeneza bango waliugeuza. Somo la bure likachukua nafasi ya gunia lenye gharama, na mama akishindwa kupona, kosa likabaki kwake. Sisemi walikaa kikao cha kutudhulumu. Nadhani walikuwa na bajeti ya mabango na hawakuwa na bajeti ya karanga, na mtu hutumia alichonacho.

Narudi sasa kwenye ile nyumba nyingine, ya huzuni yenyewe. Je, kuna kilichopimwa kwa watu kama sisi? Kipo, na hili ndilo lililonikasirisha kuliko yote, maana nililijua nikiwa nimeshabeba bango mwaka mzima.

Kusini mwa Uganda, Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe hali hii mnaiitaje. Wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia. Kisha wakaunda vikundi vya kukutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliofundishwa kwa muda mfupi, kuzungumzia msiba, ugomvi, upweke, na kutafuta la kufanya. Mwaka 2003 matokeo yalichapishwa: waliobaki na sonona vikundini walikuwa asilimia 6.5, na vijijini ambako hapakuwa na vikundi asilimia 54.7. Mwaka 2013 likaja la kwetu kabisa, mashariki mwa Congo, wanawake waliobakwa katika vita. Vijiji vingine vilipata mtu wa kuwasikiliza mmojammoja. Vingine vilipata kikundi chenye mafunzo maalumu, vikao 12 kwa jumla, kwa akina mama ambao wengi hawakusoma, na waliowaongoza hawakuwa madaktari. Miezi sita baadaye asilimia 9 ya wale wa vikundi walikuwa bado na dalili nzito za huzuni au hofu. Wa kusikilizwa tu, asilimia 42.

Kwa haki niseme: hata hapa kila mtu alijua yuko kundi gani, kama kule Australia. Lawama ile ile inafaa hapa. Lakini waliopimwa ni watu wenye vita nyuma yao na njaa mbele yao, wanaozungumza lugha zetu, na dawa haikuhitaji mtu auze unga.

Mtauliza mama yule yukoje. Nilimpeleka kwa mwanamke mmoja wa kanisani kwao ambaye hukusanya wajane Alhamisi, wanasuka vikapu na kusema. Si kikundi cha utafiti. Anakwenda wiki moja, nyingine haendi. Deni la beseni la unga tumelilipa nusu kwa nusu, yeye na mimi, na sidhani hilo limenisafisha. Bango nililirudisha ofisini. Kijana wa shirika alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nina hoja, akalikunja akaliweka juu ya kabati, na mwezi uliofuata nikaliona tena limetundikwa kwenye bloku ya mbele na mhamasishaji mwingine chini yake.

Kwenye kikao kijacho cha mgao nitakuwa na maswali mawili, na nayaandika hapa ili asiwepo wa kusema ameshtukizwa. La kwanza: katika mgao wetu wa mwezi huu, uwe unga au hela ya kununulia unga, niasini ni kiasi gani kwa mtu kwa siku, na inatoka kwenye chakula gani? La pili: mabango yale yamegharimu kiasi gani, na hela hiyo ingefundisha akina mama wangapi kuongoza kikundi? Atakayejibu aje na karatasi. Mimi nitakuja na kamusi.